Kiuno cha Mume wa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alifika Masaki amekaa upande nyuma ya pikipiki, amekumbatia begi kubwa, nami nikajua kabla hajashuka. Mwanamke anayekuja kumsalimia bibi yake huja na mkoba na mkate. Anayekuja na begi la magurudumu kwenye michanga yetu hii ya Kisarawe, huyo ana neno.

Nilikuwa nimekaa chini namenya mihogo. Sikuinuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hilo begi limekuja kukaa au limekuja kusalimia?"

Akachukua kisu kingine, akavuta kigoda, akaanza kumenya na yeye. Maganda yake yakawa manene, anakwenda na nyama ya muhogo kama anamkomoa mtu.

"Mihogo yangu haijakukosea," nikamwambia. "Sema."

"Bibi, mume wangu anaumwa kiuno."

Basi. Kwa wengine hiyo ni habari ya kwenda duka la dawa. Kwetu si habari ndogo. Sisi tumekua tukiambiwa nguvu za mwanamume zinakaa kiunoni. Akiumwa kiuno mtu anayebeba magunia ya mkaa, anapewa pole. Lakini huyu mume wa mjukuu wangu ni mtu wa ofisi, Kibaha, kiti chake kinazunguka chenyewe. Kiuno cha mtu kama huyo kikianza kuuma, watu wazima hawaulizi ameumia wapi. Wanauliza nguvu amekwenda kuzimaliza wapi.

Na wenyewe walikuwa bado hawajapata mtoto, majirani wameshaanza kumtazama mjukuu wangu tumboni kabla ya kumtazama usoni.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nina kazi yangu na inajulikana kuanzia Masaki mpaka mbali. Mimi ni kungwi. Wasichana wa huku nimewacheza mimi, nikawafunda mimi, wakatoka wanajua kukaa na mtu na wanajua kiuno ni nini na kinakwendaje. Yanayofundishwa ndani hayaandikwi, kwa hiyo usiyasubiri hapa. Ila ujue kwamba ndoa ya mwali ni chungu cha kungwi. Kikivuja, watu wanamtazama mfinyanzi. Na huyu alikuwa mwali wangu mara mbili, mjukuu wa damu na mwali wa mkono wangu. Nilijisifu naye harusini mpaka sauti ikakauka.

"Ameanza lini?" nikamuuliza.

Akanieleza. Mkubwa wake wa kazi alimchukua siku moja kwenda naye Dar kucheza gofu. Tangu siku hiyo hana Jumamosi. Anatoka alfajiri, anarudi mchana amechoka, amejishika hapa nyuma. Kitanda hakitaki tena, anasema godoro linamuumiza, analala sakafuni kwenye mkeka.

"Na mkono wake wa kushoto umekuwa mweupe, bibi. Wa kulia mweusi kwa jua. Ukiitazama utasema ni mikono ya watu wawili."

"Endelea."

"Na jioni anajifungia chumbani. Anasema anapumzika. Mimi nimesikia sauti ya mwanamke humo ndani."

"Inasema nini?"

Akainamisha kichwa. "Inamwambia asikaze."

Kisu kilisimama mkononi mwangu.

Akaweka muhogo chini, akanitazama sawasawa. "Bibi, wewe ndiye uliyenitoa. Mama siwezi kumwambia. Ukisema nirudi kwangu, nitarudi. Ukisema nikae hapa, nitakaa, na begi ninalo. Lakini safari hii useme ukiwa umeona, si kwa kusikia tu."

Mama yake ni binti yangu, anakaa Kwala, karibu na Kibaha kuliko mimi. Lakini yeye kwa yule bwana ni mkwe, na mkwe haulizi kiuno cha mkwewe, hata kwenye kitanda chake hakai. Bibi ndiye mwenye ruhusa. Kwetu bibi ni mke mwenza wa mjukuu wake, anamwita yule bwana mume wangu, anamtania, anaingia mpaka uvunguni akitaka. Tena huyu bwana ni Msukuma, na Wasukuma na sisi Wazaramo ni watani tangu mababu. Kwa hiyo nilikuwa na ruhusa mbili.

Nikamwachia mjukuu nyumba, mihogo na kuku. Nikachukua kikapu, korosho kidogo, na mwamvuli wangu. Pikipiki mpaka Kisarawe mjini, kisha magari, na Ijumaa ile nikaingia Kibaha sikupiga simu wala sikutuma mtu.

Alifungua geti mwenyewe.

"Loo! Shikamoo mke wangu! Bila taarifa?"

"Marahaba. Mume mwenye mambo safi hahitaji taarifa."

Akacheka, akainama kupokea kikapu. Akafika nusu, akasimama. Uso ukabadilika. Akajirudisha juu, akakunja magoti, akashuka mgongo umenyooka kama aliyemeza mchi, ndipo akakishika. Niliona kila kitu.

"Msukuma mzima unashindwa na kikapu cha bibi? Nilisikia kwenu mnabeba ng'ombe."

"Ng'ombe tunawachunga, mke wangu. Ninyi ndio mnabebwa na ngoma."

"Tunabebwa. Wewe ilikushusha njiani."

Alicheka tena, lakini kicheko kilikatika mapema. Hilo nikalifunga kwenye pindo la khanga, nikaliweka.

Wakati wa chakula akaniuliza, "Mwenzangu hajambo huko?"

"Anamenya mihogo."

"Atarudi lini?"

"Unamtaka?"

"Bibi!"

"Nimeuliza swali la Kiswahili."

"Namtaka," akasema, akatazama sahani yake. Nami nikatazama mikono yake. Kweli. Wa kulia ulikuwa wa mtu wa jua, wa kushoto wa mtu wa kivuli, na mpaka wake umekatwa kwenye kifundo kama amevalishwa bangili. Nilijiuliza mwanamume anaficha mkono mmoja jua lisiuone kwa sababu gani. Pete ya ndoa yake ilikuwa mfukoni mwa shati. Hiyo nayo niliiona.

Asubuhi alitoka kabla jua halijatoka, mfuko mrefu wa fimbo begani. Nikabaki na nyumba, na nikaipekua. Sioni haya kusema. Niliangalia uvunguni, kabatini, mifukoni. Nikanusa mashati yake yote machafu, moja moja. Sikukuta manukato. Nilikuta dawa ya kuchua, ile kali ya mnanaa inayopanda mpaka machoni. Nikasema, mwanamke wa wizi hampaki mume wa mtu dawa ya misuli. Kisha nikajijibu mwenyewe: kwani Dar hakuna wanawake ambao kazi yao ni kuchua watu?

Kwenye droo nikakuta glavu. Nyeupe, laini, za ngozi. Nikajaribu moja, mkono wa kushoto. Nikachukua nyingine, kushoto. Nyingine, kushoto. Nikaimwaga droo yote kitandani natafuta wenzake wa kulia, nikafungua masanduku ya viatu, nikainua godoro. Hakuna hata moja. Nikakaa pale kitandani na rundo la mikono ya kushoto mapajani, najiuliza za kulia anazo nani.

Alirudi mchana, anatembea kama mtu mwenye yai kwenye mkanda. Akala. Akashukuru. Akasema anakwenda kupumzika kidogo. Mlango ukafungwa, ufunguo ukazunguka.

Nikasubiri. Sauti ikaja.

Ilikuwa ya mwanamke, kijana, haina haraka. "Shusha goti. Taratibu. Usikaze. Pumua. Hapo hapo, usitoke."

Mjukuu wangu hakusema uongo. Mara hiyo hiyo nikaona begi lake liko Masaki nyumbani kwangu, na wanawake wa kijiji wanapita barabarani wanaliangalia. Nikaingia jikoni. Kinu kilikuwa pale na mchi wake. Nikaubeba mchi, nikaenda mlangoni, nikasukuma kwa bega. Vitasa vya siku hizi ni vya kuzuia mbuzi.

Alikuwa sakafuni kwenye mkeka, na kaptula. Mguu mmoja ameukunja mbele yake, mwingine ameutupa ubavuni kwa nyuma, mkono mmoja umeshika sakafu, jasho linamtoka mpaka kidevuni. Peke yake. Mbele yake ameegemeza simu kwenye mto, na ndani ya simu mwanamke wa shati jeupe amekaa vile vile alivyokaa yeye.

"Mwambie atoke," nikasema.

"Nani, bibi?"

"Huyo."

"Hii ni video."

"Ya nani?"

"Ya mtaalamu wa mazoezi tiba. Kituo ninachotibiwa. Alinirekodia ili nifanye nyumbani."

"Amekurekodia wewe peke yako, au na waume wa wenzake?"

"Bibi, weka huo mchi."

"Vizuri sana," ikasema simu. "Sasa upande wa pili."

"Vizuri sana nini?" nikaiuliza simu.

Akataka kuinuka. Kiuno kikamkamata njiani, akabaki amepiga magoti, mdomo wazi, hawezi juu wala chini. Nikauangusha mchi nikamshika makwapani. Mzito kama gunia la mkaa uliolowa. Na pale pale nikiwa nimembeba, akaninong'oneza:

"Usimwambie."

"Nani?"

"Mjukuu wako. Usimwambie umenikuta hivi."

Hapo ndipo alipoharibu. Nilikuwa karibu kumwamini. Mtu anayefanya mazoezi ya hospitali anaogopa nini mkewe akijua? Nikamlaza, nikamfunika shuka, nikamwambia, "Jumatatu nakwenda na wewe kwa huyo wa kwenye simu. Nimwone akiwa na miguu yake."

Jumatatu akaomba ruhusa kazini, tukaenda. Kituo chenyewe kiko hapo hapo Kibaha, chumba kina kitanda kirefu chembamba na mipira mikubwa ya kukalia. Waliniambia nisubiri nje kwenye benchi. Sikusubiri.

Yule mtaalamu alikuwa binti mdogo, kucha fupi, kiatu cha mpira. Akanisalimia vizuri, akamuuliza mgonjwa wake, "Bibi ni nani wako?"

"Mke wake mkubwa," nikajibu mimi.

Akatabasamu, kumbe mtu wa Pwani, anaelewa. "Karibu mke mkubwa. Ila mimi nilikuwa namsubiri mdogo. Tangu siku ya kwanza nimemwomba aje na mkewe nimfundishe kumsaidia nyumbani. Akaniambia mkewe amesafiri, yuko Mwanza."

Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa anatazama ukutani, kuna picha ya mifupa.

Mwanza! Mjukuu wangu Mwanza anaisikia redioni. Siku zote hizo alikuwa jikoni kwake anakuna nazi. Nilisogeza kiti changu mpaka kikagusa kitanda.

Binti akamlaza kifudifudi. Akamkunja magoti, nyayo zikatazama dari, akaziachia zianguke moja kulia moja kushoto, kila mguu na upande wake. Wa kulia ulikwenda, ukalala vizuri. Wa kushoto ukaanguka kidogo ukagoma, kama mlango uliokutana na jiwe.

"Ndio huu," binti akasema. "Yeye akipiga mpira, mguu wa kushoto uko mbele. Mwili wote unatakiwa uzunguke juu ya nyonga hii. Nyonga haizunguki. Lakini fimbo imeshatoka, lazima kitu kizunguke. Basi kinachozungushwa ni mgongo wa chini, na wenyewe kazi yake si hiyo."

"Kwa hiyo kiuno hakina ugonjwa," nikasema.

"Kiuno kinafanya kazi ya mwenzake. Kwake yeye ndivyo ninavyoona. Si kila kiuno kinachouma ni hivi, bibi, wapo wanaoumwa kwa mengine kabisa. Huyu anakaa ofisini wiki nzima nyonga zimelala, halafu Jumamosi anaziamsha kwa fimbo."

Sikupenda alivyomshika paja. Nilimwangalia mkono kwa mkono. Alishika kama mtu anayepapasa kigogo cha muhogo kujua kama kimeoza ndani, macho yako kwingine, anasikiliza vidole. Nikamwachia kidogo, si sana.

"Hebu asimame apige nione," nikasema.

Hapakuwa na fimbo. Akapewa mwamvuli wangu. Akasimama katikati ya chumba, akatanua miguu, akaupandisha mwamvuli juu ya bega, akaushusha kwa nguvu. Nami nikaona. Nyayo zimegongomewa misumari. Nyonga zimekaa kimya kama mawe ya jiko. Mabega yamekwenda yote. Umewahi kukamua shuka zito la maji? Mkono huu unavuta huku, ule unavuta kule, na katikati ndipo shuka linaposokotwa mpaka linalia. Hapo katikati ndipo alipojishika baada ya kupiga.

Waali wengi wanakuja kwangu hivyo hivyo siku ya kwanza, wanadhani kiuno kinachezwa kwa mabega. Nikasema kwa sauti, "Huyu ningempata mimi mapema, angekuwa ameshalainika. Mimi nyonga nimezifundisha tangu huyu binti hajazaliwa."

"Eti?" binti akasema. Akapiga kile kitanda kwa kiganja. "Panda bibi tukuone."

Nikajifunga khanga vizuri, nikapanda. Heshima yangu naijua. Akanikunja magoti, akaniachia miguu.

"Wa kulia safi sana."

"Nimekwambia."

"Wa kushoto, bibi, umekaza kuliko wa kwake."

"Angalia tena. Mashine yako imekosea."

"Sina mashine. Ni mguu wako huu."

Yule Msukuma alicheka mpaka akajishika kiuno kwa mikono miwili akisema aah, aah. Nilishuka pale sikumtazama mtu. Nikauchukua mwamvuli wangu.

Nje tukakaa kwenye benchi. Nikasubiri mtu na mkongojo wake apite.

"Mwanza," nikasema.

Akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza mume wangu, mjukuu wangu alikwenda Mwanza kwa basi gani?"

Akasugua mikono yake ile ya watu wawili. "Bibi, unakumbuka harusi?"

"Naikumbuka kuliko wewe."

"Mlinizunguka, wewe na wanawake wako. Ukanifunga khanga kiunoni ukasema, haya bwana harusi, zungusha tuone mali tuliyoipata. Nikajaribu. Ukaimba kwamba mwanenu ameolewa na kisiki."

"Ulikuwa utani. Na wimbo ulikubalika, mpaka leo unaimbwa."

"Najua unaimbwa. Mjukuu wako alicheka siku ile mpaka wanja ukamwagika. Na mpaka leo tukigombana kidogo tu, ananiita kisiki. Sasa mimi nikalale mbele yake anigeuze miguu kama mtoto anayevishwa nepi? Yeye kiuno anakijua chote, umemfundisha wewe. Mimi changu hata hakifunguki. Nikaona bora sakafu." Akavuta pumzi. "Na angekwambia wewe. Na wewe ungetunga wimbo wa pili."

"Ningetunga," nikasema. Siwezi kudanganya mbele ya hospitali.

"Basi."

"Na pete?"

"Naivua nikishika fimbo, inakata kidole. Ile Ijumaa nilijaribu fimbo kidogo uani, nikaisahau mfukoni."

"Na glavu za kulia ziko kwa nani?"

"Glavu gani?"

"Usinizunguke. Za kushoto nimeziona zote. Za kulia anazo nani?"

Hakunielewa, kisha akanielewa, akaanza kucheka na kuugua kwa pamoja. Ati gofu inavaliwa glavu mkono mmoja tu. Ati zinauzwa moja moja. Sikukubali. Niliinuka nikarudi kwa yule binti, nikafungua mlango ana mgonjwa mwingine kitandani, nikamuuliza. Akasema ndiyo bibi, wengi wanavaa wa kushoto tu. Nikarudi kwenye benchi. Watu wazima wenye mishahara wananunua glavu nusu.

Jioni nilikaa uani na simu mkononi, neno la mjukuu wangu liko kinywani mwangu, sijui nilitemee upande gani. Yule bwana alisema uongo, hilo halina mjadala. Lakini waongo nimewafunda na nimewaozesha, nawajua. Uongo wa mwongo humtafutia mtu mahali pazuri pa kulala. Huu wa huyu ulimlaza kwenye saruji. Hiyo ndiyo ilinisumbua. Na upande mwingine nilijiambia, bibi, wewe ndiye uliyemtia binti huyu mikononi mwa mtu, huenda unataka tu chungu chako kisionekane kinavuja.

Nikapiga.

"Bibi," akapokea mara moja. "Nikae au nirudi?"

"Njoo."

"Ndiyo kurudi?"

"Nimesema njoo. Njoo uone mwenyewe. Macho ya kuazima hayaozeshi mtu mara mbili."

"Nije na begi?"

"Begi ni la kwako."

Akaja nalo. Akaliweka nyuma ya mlango wa chumba, limesimama, zipu imefungwa. Mumewe akalitazama, hakusema. Mimi nikalitazama zaidi yake. Asubuhi alikuwa anafungua zipu kidogo, anachomoa gauni moja, anafunga tena. Hakutundika kitu kabatini.

Siku ile ile aliyofika nilitandika mkeka sebuleni, sikutaka habari za vyumba na funguo. Nikamwambia bwana aweke simu yake hapo. Akaiweka, akaketi mkekani. Yule binti wa shati jeupe akatokea.

Mjukuu wangu amekunja mikono kifuani. "Ndiye huyu?"

"Ndiye," nikasema.

"Mzuri."

"Mkali," mumewe akasema. "Muulize bibi."

"Sijakuuliza ukali." Akamgeukia. "Kwa nini uliniambia unapumzika?"

Bwana akanitazama mimi, kwamba nimsaidie. Nikatazama dari. Hili lilikuwa la kwake.

"Kwa sababu unaniita kisiki," akasema.

Nilidhani mjukuu wangu atacheka. Mimi mwenyewe kicheko kilishafika kooni. Hakucheka. Simu ikaendelea kusema shusha goti, pumua, na hakuna anayeshusha. Kisha akafunga khanga vizuri akaketi kwenye mkeka, nyuma ya mumewe, akaweka kiganja juu ya goti lake.

"Hapa?"

"Hapo."

"Panauma?"

"Panavuta."

Akabonyeza. Bwana akapiga ukelele kama kondoo, nami nikaona niwapishe, nikaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Kutoka kule nikamsikia mjukuu wangu anamwambia, kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kukasirika, "Usikaze."

Msifikiri yaliisha hapo. Jumamosi iliyofuata mjukuu wangu alivaa viatu vya kutembelea, akasema na yeye anakwenda huko gofu. Mumewe akasema sawa. Walirudi mchana, yeye amechomwa na jua.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Bibi, wanatembea tu. Mtu anapiga, anautafuta mpira, anaupiga tena, anautafuta tena."

"Wanawake wapo?"

"Wapo."

"Wanafanya nini?"

"Wanapiga mbali kuliko yeye."

"Na yeye kiuno?"

"Amepiga kidogo akaacha. Mtaalamu amemwambia apunguze mpaka nyonga ifunguke. Akanibebea mwamvuli." Akavua viatu. "Bado siku nyingine simwamini, bibi."

"Nani alikuambia umwamini kila siku?"

Usiku bwana alikuwa anarudi kitandani, kisha anashuka, kisha anarudi. Kiuno hakiponi kwa wiki. Lakini mlango, hata baada ya kitasa kutengenezwa, ulikuwa haufungwi tena kwa ufunguo, hilo nililikagua mwenyewe kila nilipopita, na nilipita mara nyingi. Begi nalo lilikuwa bado nyuma ya mlango.

Nilipoona mihogo yangu itaota majani ya mwituni, nikasema naondoka. Kikapu changu kilikuwa kizima kabisa. Nikaukata mshikio wa kikapu kwa kisu cha jikoni, nikamwita mjukuu wangu.

"Kikapu kimekatika. Niazime begi lako."

Alikitazama kikapu. Alikitazama pale kilipokatika, pamenyooka kama ukingo wa ukurasa. Akanitazama mimi. Nikamtazama pia, sikupepesa.

"Kubwa hilo, bibi."

"Nina vitu vingi."

Sikuwa na vitu. Nilikuwa na khanga mbili na mwamvuli. Alisimama kidogo, mumewe yuko sebuleni kwenye mkeka, goti moja huku, moja kule, anapumua kama alivyoambiwa. Kisha mjukuu wangu akaingia chumbani. Nikasikia zipu, safari hii mpaka mwisho. Nikasikia kabati linafunguliwa, na hanga zinagongana, moja, nyingine, nyingine. Alichukua muda wake. Akatoka analivuta begi, jepesi, magurudumu yanaruka kwenye vigae.

Michanga ya Masaki haipitishi magurudumu, nililibeba kichwani kutoka barabarani. Liko uvunguni kwangu mpaka leo. Jioni nikishafunga mlango natandika mkeka kando yake, nakunja mguu wa kushoto kama alivyoonyesha yule binti kwenye simu, na goti linagoma kushuka, na sijamwambia mtu. Mjukuu wangu hajaliulizia begi. Akilitaka analijua lilipo, na anajua nitamuuliza ni la nini.